Mtori wa Chumba cha Nyuma

Hondohondo akipita juu ya nyumba huhitaji kuinua macho ili umjue. Mabawa yake yanavuma kwa nguvu, vuu, vuu, vuu, kama mtu anayepepeta maharage kwenye ungo mkubwa, na akishatua mtini anatoa sauti ya mbuzi aliyeshikwa koo. Juzi alipita juu ya darasa langu. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Arusha mjini, na wakati huo nilikuwa nimewapa wanafunzi mgongo, ninachora Afrika ubaoni: mstari wa ikweta katikati, misitu minene ya Kongo, savana pande zote, kisha jangwa juu na jangwa chini. Nilikuwa ninawaeleza kwamba hakuna bara lililokaa kwenye tropiki kwa raha kama letu. Ndege akalia, darasa zima likacheka. Mimi nikabaki na chaki imegota palepale Kongo, sisemi, sichori, mpaka kijana mmoja wa mbele akauliza, "Madam, tuendelee kuandika au tusubiri?"

Nikamwambia wasubiri. Walisubiri mpaka kengele ikalia, maskini. Nyinyi ngoja niwaambie nilikokuwa nimekwenda.

Kwa kweli mtu aliyekulia kwenye Mlima Meru hana haja kubwa ya ramani yangu. Mlima wenyewe ni bara. Upande wa kusini na mashariki mvua inanyesha mpaka watu wanachoka nayo. Kuna migomba, kahawa, mifereji inayopita katikati ya mashamba, na juu ya mashamba kuna msitu wenye mbega wa mikia myeupe na tembo ambao mara mojamoja hushuka kuonja mahindi ya watu. Ukizunguka kwenda magharibi, mawingu yanafika yakiwa hayana kitu. Huko kuna vumbi, migunga, mbuzi na ng'ombe, na upepo unaokausha nguo kabla hujamaliza kuzianika.

Baba yangu alikuwa Mmeru wa upande wa mvua, kijiji kimoja juu ya Maji ya Chai. Mama yangu, Nembris, alikuwa Mwarusha wa Ngaramtoni, upande wa vumbi. Sisi wa Maji ya Chai tunajulikana kwa meno; maji yetu yanayatia rangi ya kahawia tangu utotoni. Mama alikuja na meno meupe, na Bibi, mama yake Baba, alikuwa anasema kwamba mkwe wake akicheka anaonekana kutoka barabarani. Mama naye alikuwa anasema kwamba huku kwetu ukisahau fimbo uani jioni, asubuhi unaikuta imetoa majani. Walitaniana hivyo, na nadhani walipendana, ingawa Bibi hakuwa mtu wa kusema.

Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wao wa pekee, Elinami, darasa la tatu, mwenye meno ya Baba.

Mwaka huo Mama alijifungua mtoto wa kiume. Kwetu mwanamke akijifungua huitwa mzazi, na mzazi ana sheria zake. Anakaa ndani miezi mitatu. Halimi, hachoti maji, hapigwi na jua. Kazi yake ni kunyonyesha na kula, na kazi ya nyumba nzima ni kumlisha. Siku akitoka, watu wanamtazama mashavu kabla hawajamtazama mtoto. Akiwa ameng'aa na kunenepa, ukoo umejitahidi. Akiwa amekonda, ni aibu isiyofutika, na ndugu zake wana haki ya kuja kumchukua wakamlishe wenyewe. Mwanamke akishachukuliwa hivyo, kumrudisha si jambo dogo. Wazee wanakwenda na kurudi, wanaomba, wanawekwa nje kwenye vigoda wasubiri, na wengine hurudi mikono mitupu. Nilikuwa ninamfahamu mtoto mmoja shuleni ambaye mama yake alichukuliwa, na hakuwahi kurudishwa.

Mdogo wangu hakumaliza wiki ya pili. Asubuhi moja niliamka nikasikia nyumba imetulia kupita kiasi. Wanawake wachache wa jirani waliingia na kutoka bila kupiga hodi. Mtoto mchanga kiasi kile kwetu hakuwekewa matanga. Walimfunga kwenye kanga, wakamzika chini ya migomba nyuma ya nyumba, wakanawa mikono, wakaenda zao. Bibi akaniambia, "Mtoto amerudi." Nikauliza amerudi wapi. Akasema, "Vaa sare yako, utachelewa shule."

Nikavaa sare. Nikaenda shule. Ninawaambia ukweli, sikuhisi kitu. Mmewahi kukalia mguu muda mrefu mpaka ukafa ganzi, ukiufinya unajua ni wako lakini haukujibu? Nilikuwa hivyo mwili mzima, na niliporudi nyumbani nikakuta wote wako hivyo. Baba alikuwa anapogolea kahawa. Bibi alikuwa anamenya ndizi. Hakuna aliyelia mbele yangu, na mimi sikuona sababu ya kuwa wa kwanza.

Nilidhani sasa Mama atatoka nje. Majirani nao walidhani hivyo. Maziwa waliyokuwa wakileta yalikoma siku hiyohiyo. Lakini Bibi alisimama jikoni na mwiko wake, akatoa hukumu. "Aliyezaa amezaa," alisema. "Atakaa ndani miezi yake, na atakula chakula chake. Hakuna mtu wa Ngaramtoni atakayekuja kusema tulimtunza mtoto, si mama."

Basi Mama akabaki kwenye chumba cha nyuma, dirisha la mbao limefungwa, hana mtoto, na mtori ukaendelea kupikwa.

Lazima niwaeleze mtori wa Bibi, maana mnaouagiza hotelini mjini ni binamu yake wa mbali. Bibi alitumia ndizi mshare peke yake, zilizokatwa siku hiyo. Alichemsha mifupa na nyama ya mbuzi tangu alfajiri, akatia ndizi, akaponda kwa mwiko mpaka hukuti hata donge moja, kisha akamimina samli juu yake mpaka ikaogelea. Ulijaza bakuli kubwa la enameli lenye maua mekundu. Bakuli moja asubuhi, moja mchana, moja jioni. Chakula cha mzazi hakionjwi na mtu mwingine, hakimwagwi, hakipewi mbwa. Mtu mzima aliyekula chakula cha mzazi kwetu alihesabiwa mwizi wa aina mbaya kuliko yule anayeiba kuku.

Kwa desturi chakula hicho hupelekwa na mwanamke. Bibi alijaribu siku ya kwanza, na Mama akageukia ukutani asigeuke tena. Siku ya pili Baba akachukua bakuli mikononi mwa mama yake. "Nitampelekea mwenyewe," alisema. Bibi akashangaa, lakini bakuli liliporudi lilikuwa tupu, limekwanguliwa safi, naye akanyamaza. Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Baba anaingia na bakuli limejaa na chupa ndogo ya maziwa, anafunga mlango, anakaa humo, anatoka na bakuli tupu. Bibi analipokea, anaangalia ndani, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ni wakati huohuo hondohondo walipojenga. Ukingoni mwa shamba letu, karibu na mfereji, palikuwa na mringaringa mkubwa uliotia kahawa kivuli, na juu kwenye shina kulikuwa na tundu. Nikitoka shule nilikaa chini yake kwa sababu nyumbani hapakukalika. Nikamwona dume, mweusi, tumbo jeupe, na lile pembe kubwa juu ya mdomo kama amebeba ndizi kichwani, analeta tope. Jike alikuwa ndani ya tundu. Walikuwa wanaziba mlango, yeye kutoka ndani, mume kutoka nje, mpaka ukabaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo. Kisha dume akaanza kwenda msituni na kurudi. Alikuwa anabeba kuyu kooni, anazitapika moja moja, anampitishia mkewe kwenye ufa. Aliyekuwa ndani hukumwona. Uliona ncha ya mdomo tu, inatoka, inapokea, inarudi.

Mtoto wa darasa la tatu hahitaji kufundishwa kulinganisha. Nilisema moyoni: yule ni mzazi, na yule ni Baba.

Halafu siku moja mchana nilirudi mapema, mwalimu alikuwa na msiba. Nikapita nyuma ya nyumba. Dirisha la chumba cha Mama lilikuwa na ubao mmoja uliopinda, na kwenye ule upindo palikuwa na nafasi ya jicho. Nikachungulia. Mama alikuwa kitandani amegeukia ukuta, blanketi limemfika sikioni. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na miguu yake, bakuli la maua mekundu mapajani. Alikuwa anakula. Alikula kijiko baada ya kijiko, haraka, bila kutazama juu, na samli ilikuwa inang'aa kwenye ndevu zake. Alipomaliza alikwangua bakuli kwa kidole, akalamba kidole, akakaa kidogo huku mkono uko tumboni. Kisha akamwinua Mama kichwa, akamnywesha maziwa kidogo, akainuka.

Nikazunguka haraka kupitia kwenye migomba. Nikamwona anatoka mlango wa mbele, anampa Bibi bakuli. Nikamsikia Bibi anasema, "Amekula?" Na Baba anajibu, "Amekula."

Nilirudi kwenye mringaringa nikakaa. Dume alikuja na kuyu zake, akampa mkewe, hakumeza hata moja mbele yangu. Nikafikiri kwamba hata ndege anamshinda Baba. Sikumwambia mtu. Msidhani nilikuwa ninamlinda. Ilikuwa ni jambo jingine tu limewekwa juu ya mengine, na mimi sikuwa na nafasi ya kuliweka. Ila nilikoma kumwamkia. Shikamoo yangu ikawa ya midomo tu, bila sauti, na yeye aliitikia "Marahaba" bila kujua kwamba hakuamkiwa.

Wiki zikapita na Baba akanenepa. Nisiwafiche, ilichekesha. Mwanamume aliyekuwa mwembamba kama mche wa kahawa alianza kutoka tumbo. Shati la Jumapili likawa linalia vifungoni. Mashavu yake yaling'aa kabisa kama ya mzazi. Kanisani kwetu, baada ya ibada, kulikuwa na mnada wa sadaka pale nje: kuku, mayai, mikungu ya ndizi, vyote vinanadiwa na mzee mmoja wa kanisa mwenye ulimi mwepesi. Jumapili moja mzee yule aliinua mkungu wa mshare, akamwona Baba, akapaza sauti, "Huu tumpe Baba Elinami, maana naona kwao mzazi ni yeye!" Watu wakacheka mpaka wengine wakashikilia ukuta. Walikuwa wanajua kwamba mtoto amekufa. Walicheka hivyohivyo, kwa sababu kicheko kikishaanza hakimwulizi mtu. Baba naye alicheka. Akaununua ule mkungu, akaubeba begani, akatembea nao mpaka nyumbani, mimi nyuma yake ninatazama shingo yake iliyonenepa na kuona haya.

Bibi alipikia mkungu huohuo mtori.

Mimi kazi yangu kwa Mama ilikuwa kumpelekea maji ya kunawa jioni kabla jua halijazama. Niliweka beseni, nikakaa kizingitini, nikaongea. Hakujibu, kwa hiyo niliongea lolote. Nilimwambia habari za hondohondo. Leo ameleta kuyu. Leo ameleta kitu chekundu, sikukijua. Leo mbega walipita karibu akawafukuza. Niliongea kama mtu anayesoma tangazo, bila raha yoyote, maana kukaa kimya kule ndani kulikuwa kubaya zaidi. Mgongo wake chini ya blanketi ulikuwa umechongoka. Nywele zilikuwa zimejisokota. Nilijua anakonda na nilijua kwa nini, na nilikaa nikisimulia ndege.

Jioni moja, bila kugeuka, Mama akasema, "Bado anamletea?"

Sauti ilikuwa kavu kiasi kwamba nilidhani ni ubao umelia. Nikasema, "Nani?"

"Huyo dume."

"Bado."

"Kila siku?"

"Kila siku, Mama."

Nikasubiri, nikachukua beseni, nikatoka.

Kesho yake mchana Baba alitoka chumbani na bakuli lenye mtori. Lilikuwa limepungua kidogo tu, kama limeguswa na mtoto. Bibi akalipokea, akaangalia ndani, akaangalia tena. "Hii nini?" akauliza. "Leo hajamaliza!" Na Baba, mbele ya macho yangu, akatabasamu. Nilimwona. Nikafikiri ameshiba.

Siku iliyofuata bakuli likarudi nusu. Iliyofuata, nusu. Bibi akachanganyikiwa. Miezi yote bakuli zilirudi tupu, na ingawa mkwe wake alikuwa hanenepi, alikuwa amejipa jibu: alisema uzazi ule ulikuwa wa moto, unachoma nyama ndani kwa ndani. Sasa chakula kinarudi. Kwa Bibi huo ulikuwa mwanzo wa kifo. "Ameanza kukataa," alisema. "Mwanangu, huyu anatutoka." Baba akasema, "Subiri, Mama." Akasema, "Nakuomba usubiri kidogo." Lakini hakuweza kumwambia asubiri nini, kwa sababu angelazimika kumwambia pia bakuli zile zilimalizwa na nani. Na Bibi alikuwa mwaminifu kuliko alivyokuwa mpole. Akasema hataki mtoto wa watu afie mikononi mwake kwa siri. Akatuma ujumbe Ngaramtoni kwa kaka yake Mama.

Hapo ndipo nilipohisi kitu. Nilimkumbuka yule mtoto wa shuleni anavyofua sare yake mwenyewe, na nikajua kwamba Mama akipandishwa gari kwenda upande wa vumbi, Baba hatakuwa na neno la kuwaambia wazee wa kule.

Wakati tunamsubiri mjomba, hondohondo alitoka. Nilifika asubuhi nikakuta tope limebomolewa na vipande viko chini kwenye majani. Jike alikuwa kwenye tawi, mchafu, mkia umepinda, anajinyoosha bawa moja moja, na ndani ya tundu kinda lilikuwa linapiga kelele. Nilikimbia mpaka nyumbani pumzi inanikata, nikaingia bila hodi. "Mama, ametoka! Amebomoa mwenyewe!"

Mama alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani. Akanitazama. "Haya," akasema, akalala tena. Ningependa kuwapa habari nzuri zaidi ya hiyo, lakini hiyo ndiyo iliyokuwepo.

Mjomba Lomayani alifika siku ya soko la Maji ya Chai, kabla ya adhuhuri, na vumbi la kwao bado liko kwenye viatu. Alikuwa mtu mrefu, mfugaji, asiyeinua sauti. Alimwamkia Bibi shikamoo kwa heshima zote, akakataa kiti, akaomba amwone dada yake. Aliingia chumba cha nyuma akakaa muda mfupi sana. Alipotoka macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Shemeji," alimwambia Baba, "simama nikuone."

Baba akasimama. Tulikuwa uani, mimi nimejibanza kwenye mlango wa jiko.

"Dada yangu amebaki mifupa," Mjomba akasema. "Wewe umevimba. Chakula cha mzazi kilikwenda wapi?"

"Bakuli zilirudi tupu!" Bibi akasema. "Lomayani, naapa mbele ya Mungu, nimepika kwa mikono yangu, zilirudi tupu kila siku mpaka wiki hii..." Akakatika. Nilimwona anageuza kichwa polepole kumtazama mwanawe, kuanzia usoni hadi tumboni.

"Nilikula mimi," Baba akasema.

Bibi akaweka mkono mdomoni. Mjomba hakusogea.

"Ulikula chakula cha mke wako aliyefiwa."

"Nilikula."

"Chote?"

"Chote."

Nilimngoja aongeze neno. Nilikuwa ninajua yeye ni mwizi, nilimwona kwa jicho langu, lakini pale nilitaka aseme kitu, uongo wowote, mradi gari lisije. Hakuongeza. Alisimama tu, vifungo vimebana, mikono imening'inia, na jasho linamshuka kwenye shavu lake nene.

"Elinami," Mjomba akaniita bila kunitazama, "ingia ndani umfungashie mama yako nguo."

Nikabaki nimeshika mlango wa jiko. Na kabla hajarudia, mlango wa mbele ulisukumwa, Mama akatoka. Alikuwa amejifunga kanga juu ya gauni la kulalia, mkono mmoja ukutani. Jua lilimpiga akafumba macho. Sote tulisikia anavyohema. Bibi akapiga hatua kumkimbilia kumrudisha kivulini, akakumbuka mambo yalivyo, akasimama.

"Lomayani," Mama akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia ale."

"Wewe?"

"Mimi. Sikuwa na njaa. Nikamwambia ale, na nikamwambia asiseme."

"Nembris, usimfiche mtu."

"Simfichi. Alikula kwa sababu nilimwambia."

Baba alikuwa ameinamisha kichwa tangu mwanzo. Hapo alikiinua, akamtazama Mama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa jina lake mahali asipotegemea kujulikana. Mama akatembea mwenyewe mpaka kwenye kigoda karibu na jiko, akakaa kwa shida, akamwambia Bibi, "Mama, kuna kilichobaki?"

Bibi alimpakulia kwa haraka mpaka mtori ukamwagika ardhini, na mara hiyo hakuna aliyejali. Mama alikula pale uani, juani, mbele yetu sote, kinyume cha sheria zote za mzazi. Alikula polepole. Mjomba alisimama akamtazama tangu kijiko cha kwanza mpaka cha mwisho. Kisha akakubali kiti. Akakubali na bakuli lake. Jioni alipanda gari kurudi Ngaramtoni na mkungu wa ndizi, peke yake, akisema atapita tena baada ya mavuno kumwangalia.

Mimi siku hiyo nililia kwa mara ya kwanza. Nilikwenda kulilia nyuma ya nyumba kwenye migomba, alipozikwa mdogo wangu, na nililia mpaka nikalala palepale kwenye majani makavu. Baba ndiye aliyekuja kuniokota.

Kwa muda mrefu niliamini mambo kama Mama alivyoyasema. Lilinifaa sana jibu hilo. Baba hakuwa mwizi, alikuwa mtii. Niliambiwa hivyo na aliyekuwa na haki ya kusema, nikaanza tena kumwamkia kwa sauti. Tumbo lake lilipungua kabla ya msimu wa kahawa. Alikunywa chai, akala ugali, makande, kila kitu. Mtori hakuugusa tena, na sikuuliza.

Niliuliza nilipokuwa mtu mzima, na mimi nimejifungua, nimekwenda kukaa kwa Mama wiki chache, si miezi mitatu, maana waajiri wa mjini hawajui habari za samli. Mama alikuwa anamenya mshare uani. Nikamuuliza, kwa utani tu, ni mwanamke gani mwenye akili aliyemwambia mumewe amalizie chakula chake mpaka akapasua shati.

"Sikumwambia," Mama akasema.

Nikadhani hakunisikia. Nikamkumbusha siku ya Mjomba.

"Ninakumbuka nilichosema. Sikumwambia. Miezi ile sikumwambia baba yako neno hata moja." Aliendelea kumenya. "Bakuli lingerudi limejaa, wangewaita ndugu zangu wiki ya kwanza. Alilijua hilo, ndiyo maana alikula. Na hakuwa na njaa, Elinami. Alikuwa amefiwa. Anakaa pale kwenye kigoda, mafuta yanaganda mdomoni, anasukuma, anasukuma. Siku nyingine yanataka kurudi, anashika mdomo. Halafu ananifunika miguu, anatoka nje kwenda kuchekwa."

"Kwa nini hukumwambia aache?"

"Sikuwa na kitu cha kusemea. Nilikuwa ninamwona tu, mpaka nilipoanza kuonja mwenyewe, naye akaacha."

Mwanangu alikuwa amelala mgongoni mwangu. Nilikaa nikifikiria tumbo lile, na mnada ule wa kanisani, na kicheko cha Baba, na mkungu aliotembea nao begani mpaka nyumbani akijua atakayeula ni nani.

"Yeye alijua kwamba unamwona?" nikauliza.

Mama akachukua ndizi nyingine, akaitia kisu.

"Alidhani nimelala," alisema. "Alijua siku ile uani."